Redio ya Mbele, Redio ya Nyuma

Jenifer Mashimba alikuwa fundi mitambo wa Redio Ngitili, kituo kidogo kilichokuwa juu ya duka la pembejeo pale Bariadi mjini. Fundi mitambo kwa jina, maana kwa kweli yeye ndiye aliyepanda mnara antena ikilegea, ndiye aliyebembeleza jenereta, na mtangazaji akichelewa ndiye aliyesoma bei ya pamba. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja mtu akizungumza, kama kuku anayesikiliza mchwa.

Wazazi wake waliishi Dutwa. Baba yake, Mzee Mashimba, katika ujana wake alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, mtu wa kundi la Bagalu kindakindaki, wapinzani wa jadi wa wachezaji wa Bagika. Mavuno yakishaingia ghalani, watu walitoka hata Maswa kuja kumwona akicheza. Lakini mwaka uliopita mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia, nyonga ikavunjika. Hospitalini walimtibu vizuri na mfupa ukaunga. Kilichokuwa hakijaunga ni hamu yake. Alishinda barazani, gongo lake likiwa limeegemezwa ukutani na redio ikiwa mezani, na hakwenda tena uwanjani, hata ngoma zilipopigwa karibu kiasi cha kusikika.

Jumapili moja ya mwezi wa tano Jenifer alimkuta anasikiliza kipindi cha ngoma ambacho yeye mwenyewe Jenifer alikuwa amekirekodi. Akavuta kigoda, akaketi, akisubiri kusifiwa.

"Mwadila, baba," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Hii umeirekodi wewe?"

"Mimi."

"Inasikika safi. Kila neno nimelipata." Mzee akaonyesha redio kwa kidevu. "Lakini imekaa pale mezani kama mtu aliyekuja kuposa. Ngoma haikai hivyo, Jeni. Ukiwa katikati ya uwanja, wachezaji wako wako mbele, wapinzani wako nyuma wanakutukana kwa nyimbo, akina mama wanapiga vigelegele ubavuni, na mtoto wa mtu analia karibu na kisigino chako. Hiyo ndiyo ngoma. Hii ni habari ya ngoma."

"Mwache mtoto ale kwanza," alisema mama yake, Apolonia, akitoka jikoni na sahani ya wali.

Jenifer alikula, lakini hakusikia ladha ya chakula. Hakukasirika. Maneno ya baba yake yalikuwa yamemwamshia jambo alilofundishwa chuoni Dar es Salaam, jambo ambalo darasa zima lililicheka. Mwalimu wao aliwaeleza kwamba zamani, mwishoni mwa miaka ya sitini, huko Marekani, mafundi walitaka kumpelekea msikilizaji tamasha la muziki wa rock zima zima, na kelele za mashabiki wa nyuma zikiwemo. Kituo kimoja cha redio hakikuweza kubeba sauti zote hizo. Basi wakaunganisha vituo viwili. Kimoja kilirusha sauti za jukwaani, cha pili kikarusha sauti za nyuma ya ukumbi, na msikilizaji nyumbani akawasha redio mbili, moja mbele yake na nyingine mgongoni, akakaa katikati. Wanafunzi walisema huo ni ushamba wa kizungu. Jenifer peke yake alikuwa ameandika yote daftarini.

Bariadi kulikuwa na vituo viwili.

Kesho yake alimfuata bosi wake, Januarius, ofisini. Januarius alikuwa mtu mwema mwenye woga mwingi. Kila jambo jipya alilitazama kama mtu anayetazama mto kabla ya kuuvuka na ng'ombe wake.

"Redio yenye mbele na nyuma," alisema baada ya kumsikiliza. "Jenifer, sisi wenyewe hatuna mbele wala nyuma, halafu unataka redio iwe navyo?"

"Hatununui chochote, bosi. Maiki tunazo nne. Kompyuta ninayo. Tunachohitaji ni kituo cha pili."

"Kituo cha pili ni Redio Kengele. Redio ya parokia. Unajua tangu watuchukulie matangazo ya mpira wa wilaya hatujasalimiana."

"Nitakwenda mimi kuwasalimia."

"Na muziki gani utarusha?"

"Tamasha la Mafiga."

Januarius akajishika kichwa.

Mafiga walikuwa vijana watatu, na mji mzima uliwajua kwa sababu uliwalalamikia. Mboje alipiga gitaa la umeme alilolinunua baada ya kuuza ndama wawili. Winnie alipiga gitaa la besi na kuimba. Shija alikaa kwenye ngoma. Wenyewe walisema wanapiga rock. Wazee waliposikia kwamba kwa Kiswahili rock ni mwamba, waliridhika kidogo, maana miamba ni mingi upande ule na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Walichukua midundo ya ngoma za Kisukuma, wakaipitisha kwenye gitaa lililokwaruza kama shoka kwenye gogo kavu, na ajabu ni kwamba, ukishazoea, mguu wako ulikuwa unatikisika kabla kichwa hakijakubali.

"Tutapiga popote," Mboje alimwambia Jenifer. "Lakini kuna kitu nataka kujua. Watu wa nyumbani watasikia watu wa uwanjani wakishangilia?"

"Watawasikia mgongoni kwao, kana kwamba na wao wamo."

Mboje alisema kwamba kwa jambo hilo wangepiga hata bila kulipwa, na Winnie akamkanyaga mguu.

Kazi ngumu ilikuwa kwa Sista Klementina. Ndiye aliyeiongoza Redio Kengele, mwanamke wa miaka sitini, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sifa yake mjini ilikuwa kwamba hajawahi kuruhusu wimbo upigwe kabla ya kuusikiliza hadi mwisho. Jenifer alipiga moyo konde, akavaa gauni la kanisani, akaenda. Alieleza kwa kutumia vikombe viwili vya chai, kimoja mbele ya Sista, kimoja nyuma ya kiti chake. Sista hakuuliza swali hata moja. Jenifer alipomaliza, alijua amekwisha kukataliwa.

"Sisi kule nyumba ya watawa," Sista alisema polepole, "tunaimba zaburi pande mbili. Upande huu wanaimba mstari mmoja, upande wa pili wanajibu. Nimekaa katikati ya sauti hizo miaka thelathini na nane. Mara nyingi nimetamani wagonjwa wanaotusikiliza kwenye redio wakae pale nilipokaa mimi." Akageuka, akakitazama kile kikombe cha nyuma. "Hii yako inaweza kufanya hivyo?"

"Inaweza, Sista. Lakini tunaanza na Mafiga."

"Nitaona maneno ya nyimbo zote. Na saa kumi na mbili kamili jioni, kengele ya Malaika wa Bwana inapigwa, nami narudishiwa redio yangu. Isizidi hata dakika."

Maneno aliyaona. Nyimbo nyingi zilihusu pamba, mvua, na dume moja jeupe ambalo Mboje alilipenda utotoni. Sista alisahihisha sarufi mahali pawili, akatia sahihi.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Walichagua uwanja wa shule ya parokia kwa sababu uligusana na studio ya Redio Kengele. Maiki mbili za nyuma zilipitishiwa waya juu ya ukuta hadi kwa Sista, na sauti za zile mbili za jukwaani zikatumwa kwa mtambo mdogo hadi Redio Ngitili. Jenifer alikaa ofisini na redio mbili, moja mezani, moja kwenye kiti nyuma yake, akampigia Shija simu agonge ngoma mara moja.

Ngoma ikalia mbele. Kisha, baada ya kitambo, ikalia tena nyuma.

"Nimesema mara moja, Shija."

"Nimegonga mara moja."

Akagonga tena. Du, halafu du. Ilikuwa kama kusikiliza mtu akiigizwa na mjinga. Januarius, aliyekuwa amesimama mlangoni na mikono mfukoni, alisema watu watadhani redio zao zimelewa.

Jenifer alirudi siku tatu mfululizo. Alijaribu kusogeza maiki, akabadilisha waya, akajaribu kurekebisha kwa sikio, na kila mara ngoma moja ilibaki mbili. Siku ya nne, akiwa kwenye ngazi za studio ya parokia, aliliona sanduku dogo jeusi ukutani, lile lililobeba sauti kutoka studio ya Sista kwenda kwenye mnara wake ulioko kilimani. Lilikuwa la kidijitali. Sauti ilikuwa inasagwa humo kuwa tarakimu, inasafiri, halafu inafinyangwa tena kuwa sauti, na kazi hiyo ilikula muda. Muda mdogo sana, lakini sikio la binadamu lina wivu. Halikubali kuibiwa hata kidogo hicho.

Alikimbia ofisini. Aliweka simu yake katikati ya redio mbili, akamwomba Shija agonge, akarekodi mapigo yote mawili kwenye faili moja, akalifungua kwenye kompyuta. Yalionekana kama vichuguu viwili kwenye tambarare. Akapima umbali kati yao: milisekunde mia tatu na arobaini. Basi akaiagiza kompyuta yake iicheleweshe sauti ya Redio Ngitili kwa kiasi hicho hicho, si zaidi, si pungufu.

"Gonga, Shija."

Ngoma ililia mara moja. Haikulia mezani, wala haikulia kwenye kiti. Ilisimama katikati ya chumba, hewani, mahali pasipokuwa na kitu. Januarius alitoa mikono mfukoni. Alitembea hadi mahali pale, akapitisha kiganja hewani kama anayetafuta uzi wa buibui.

"Mwambie agonge tena," alisema.

Walimgongesha Shija hadi akasema mkono umechoka.

Tangu siku ile Januarius hakuwa mtu yule yule. Alitunga tangazo yeye mwenyewe, na kwa wiki nzima vituo vyote viwili vililisoma: Jumamosi, saa kumi alasiri, washa redio mbili. Iliyo kwenye Redio Ngitili iweke mbele yako. Iliyo kwenye Redio Kengele iweke nyuma yako. Kaa katikati. Kama una redio moja, mfuate jirani yako.

Simu zilimiminika. Mwanamume mmoja aliuliza kama redio za kampuni mbili tofauti hazitagombana. Kinyozi wa sokoni alitaka kujua mteja akiwa ananyolewa aelekezwe wapi. Mama mmoja wa Maswa alisema yeye ana sabufa na jirani yake ana redio ya betri, lakini hawajazungumza tangu mbuzi wa jirani yule ale mahindi yake, je, afanye nini? Januarius alimjibu, hewani, kwa upole mkubwa, kwamba hilo halikuwa swali la kiufundi. Siku mbili baadaye yule mama alipiga tena kusema jirani amekubali, ila mbuzi atafungwa.

Jenifer alipiga simu Dutwa. Mama yake akasema redio ya baba ipo, na ya pili wataazima kwa Katekista.

"Na baba anasemaje?"

"Anasema mwanamke aliyeolewa na mtu mmoja hawezi kuhudumia redio mbili. Lakini amenituma nikanunue betri."

Jumamosi ikafika, anga jeupe la kiangazi, vumbi la magari ya pamba likining'inia barabarani. Uwanja wa shule ulijaa. Walikuja mashabiki wa Mafiga, walikuja wanakwaya waliotumwa na udadisi, wakaja wakulima waliokuwa mjini kupima pamba yao. Jenifer aliketi chini ya turubai kando ya jukwaa, mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, mbele yake, vipokea sauti masikioni, na redio mbili ndogo kando yake ili kuhakikisha. Januarius alikaa upande wake na maiki ya kutangazia. Sista Klementina alikuwa studioni kwake ng'ambo ya ukuta, akilinda mitambo yake kama mama anayelinda maziwa yaliyo jikoni.

Saa kumi na dakika mbili Mboje aligusa gitaa.

Wimbo wa kwanza Jenifer hakuufurahia, alikuwa anahesabu mishale ya mikisa. Wimbo wa pili alifumba macho. Mbele, gitaa la Mboje lilipasua, besi ya Winnie ikatembea chini yake kama mtu mnene anayejua anakokwenda. Nyuma, watu mia sita. Mtu akikohoa nyuma kushoto, alikohoa nyuma kushoto. Mwanamke alipiga kigelegele na kigelegele kile kikamzunguka Jenifer, kikaenda kujiunga na gitaa mbele yake. Alijikuta anacheka peke yake chini ya turubai.

Ilikuwa katikati ya wimbo wa tisa, kama saa kumi na moja hivi, aliposikia kengele.

Haikuwa ya kanisani. Ilikuwa kengele ya shingoni mwa ng'ombe, nyuma kulia, mbali kidogo. Kisha nyingine. Alisimama juu ya kiti, vipokea sauti vikiwa bado masikioni. Nyuma ya uwanja, ambako ukuta ulikuwa umebomoka tangu mvua za masika, mtu mmoja mwenye koti refu na fimbo mabegani alikuwa anaswaga ng'ombe kama sitini kuwatoa mnadani, na alikuwa amekata njia ya mkato. Ng'ombe wa mbele walikuwa wameusikia muziki. Wengine wangekimbia. Hawa walisogea. Walipita kwenye lile pengo, wakaja taratibu hadi kwenye nguzo za maiki za nyuma, wakasimama hapo, na fahali mmoja mwekundu akainyoosha pua yake hadi kwenye maiki ya kushoto, akaivutia pumzi.

Pumzi ile Jenifer aliisikia kisogoni. Aligeuka bila kutaka.

"Zima nyuma," alisema Januarius, uso umembadilika. "Jenifer, zima nyuma, tumekwisha. Ng'ombe wako hewani."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Angeweza kukishusha na Bariadi nzima isingejua kitu. Lakini aliutazama mshale wa maiki ya nyuma ukipanda na kushuka na pumzi ya yule fahali, na akaona kwamba hicho ndicho alichokitafuta mwezi mzima: kitu kinachotokea mgongoni mwa mtu bila kumwomba ruhusa.

"Sizimi," alisema. "Hii ndiyo nyuma yenyewe, bosi."

Fahali akalia. Alilia kwa pumzi zake zote, na wenzake wakamwitikia.

Kwa muda mfupi hakukutokea kitu. Kisha simu ya Januarius ikaita, na ya pili, na ya Jenifer. Mtu wa Somanda alitaka kujua ni ng'ombe wa nani walioingia bustanini kwake, maana amewasikia waziwazi nyuma ya nyumba na ametoka na rungu hajawaona. Mwalimu mmoja alisema familia nzima imekimbilia kwenye mchicha. Kinyozi alipiga kusema mteja wake ametoka mbio akiwa amenyolewa nusu kichwa na bado wanamngoja. Yule mama wa Maswa alisema yeye na jirani yake wamezunguka nyumba mara mbili, mmoja huku, mwingine kule, na wamegongana kwenye kona.

Januarius alisikiliza, na woga ukamtoka usoni kidogo kidogo. Akaisogeza maiki yake karibu.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, "ng'ombe mnaowasikia nyuma yenu si wenu. Nawaomba mrudi mkae. Ng'ombe hao wamekuja kwenye tamasha kama watu wengine."

Uwanja mzima ulicheka, na kicheko kile kikaingia kwenye maiki za nyuma pamoja na kengele, kikaenda kwenye nyumba zote zile.

Jukwaani Mboje alikuwa ameona. Hakusimamisha wimbo, aliupunguza mwendo tu, akamwashiria Shija, na ngoma zikaanguka kwenye mwendo wa ng'ombe wanaotembea kwenda kunywa maji. Akaanza wimbo wa lile dume jeupe. Yule mwenye ng'ombe, ambaye baadaye walimjua kuwa ni Limbu wa Nkololo, alikuwa ameganda pale kwenye pengo la ukuta, hajui aombe radhi kwa nani. Alipousikia mdundo ule, mazoea yakamshinda. Alitia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu wa kuita mifugo. Mboje akaujibu kwa gitaa, noti kwa noti. Limbu akapiga mwingine. Mboje akaujibu tena, na wakaendelea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, na katikati yao watu mia sita wakigeuza shingo huku na huku kama wanaotazama mpira.

Simu ya Jenifer iliita tena. Ilikuwa ya mama yake.

"Jeni, baba yako hayupo barazani."

"Yuko wapi?"

"Amewasikia hao ng'ombe wako. Kaniambia, Apolonia, wameingia kwenye pamba, nami nikamwambia ni redio. Hakunisikia. Amechukua gongo lake, amezunguka nyumba, amefika hadi kwenye mpaka wa shamba. Peke yake, Jeni. Sikumshika."

"Ameanguka?"

"Amesimama kule shambani anacheka. Machozi yanamtoka. Ngoja, anarudi. Anasema nisikusumbue, una kazi."

Na simu ikakatwa. Jenifer aliweka mikono yote miwili juu ya mikisa, akaitazama, maana kwa muda kidogo hakuweza kuona vizuri mishale imefika wapi.

Walipiga nyimbo nyingine kadhaa. Dakika tatu kabla ya saa kumi na mbili, Winnie aliwaaga watu, na Limbu akawageuza ng'ombe wake kwa mluzi mmoja mfupi. Saa kumi na mbili kamili kengele ya parokia ilipigwa. Watu waliokuwa wakishangilia wakanyamaza, wengine wakafanya ishara ya msalaba, na hadi pigo la mwisho hakuna aliyeondoka uwanjani.

Sista Klementina alikuja chini ya turubai akiwa na chupa ya chai. Aliwamiminia wote, Januarius wa kwanza, na hakuna aliyetaja mpira wa wilaya.

"Mwakani, Jumapili ya Matawi," alisema. "Kwaya mbili, moja madhabahuni, moja mlangoni. Na wewe," akamgeukia Mboje, "neno 'nimemkosaga' si sanifu, lakini leo sikulisikia vibaya."

Kesho yake Jenifer alichukua pikipiki kwenda Dutwa. Alimkuta baba yake hayuko barazani. Alikuwa uani, amesimama, amechora mduara mkubwa mchangani kwa ncha ya gongo lake, na ndani ya mduara ule alikuwa ametia mawe madogo. Alimsalimu binti yake kwa haraka kama mtu mwenye wageni wengi.

"Wabeja, asante kwa jana," alisema. "Sasa njoo hapa. Muziki wa yule kijana wa gitaa ni mzuri, ila umeuwekea maiki kama kanisani, mbele na nyuma basi. Bagalu na Bagika wakishindana, watu wanakimbia kutoka kundi moja kwenda jingine. Sauti inahama. Utaishikaje sauti inayohama?"

Jenifer aliinamisha kichwa upande mmoja, akautazama mduara. "Nikiwa na maiki sita."

"Nane," alisema mzee. "Hapa, hapa, na hapa kwa akina mama. Usiwasahau akina mama, wao ndio wanaoamua nani ameshinda. Na mimi nikae hapa." Akachoma gongo katikati.

"Wewe, baba? Uwanjani?"

"Unataka nikuelekeze kwa simu?"

Apolonia aliita kutoka jikoni kwamba ugali unapoa. Hakuna aliyemjibu. Jenifer alikuwa amepiga magoti mchangani, anahesabu hatua kati ya jiwe na jiwe, na baba yake alikuwa anatembea kando ya mduara, polepole, akimwonyesha mahali ambapo wachezaji wangeingilia.